Nadharia za unasihi: mwongozo kamili wa kuzisoma na kuzitumia mbele ya mteja

Mwanafunzi wa unasihi anaweza kukueleza Freud, Rogers na Beck, waasisi wa nadharia kubwa za fani hii, kwa kurasa nne za mtihani bila kukosea mwaka hata mmoja. Siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo anakaa na mama anayelia, na neno la kwanza linalomtoka ni, "Pole mama, usilie, Mungu yupo, yatapita." Maneno hayo hayamo katika nadharia yoyote aliyosoma. Ameyapata misibani, kwa shangazi zake, kwa kila mtu aliyewahi kumtuliza alipokuwa mtoto. Kumtuliza mtu ni wema, sikatai. Lakini mama yule alikuwa ameanza kusema jambo, na sasa amefuta machozi kwa ncha ya kanga na kunyamaza ili asimsumbue mnasihi.

Nimeuandika mwongozo huu kwa anayesoma cheti, stashahada au shahada ya unasihi, kwa mwalimu aliyekabidhiwa ushauri nasaha shuleni bila mafunzo ya kutosha, na kwa mtumishi wa kanisa au msikiti ambaye watu humjia kila siku na shida zao. Msimamo wangu ni huu: nadharia hujaijua mpaka uweze kutaja sentensi moja ambayo ingekutoka mbele ya mteja kwa sababu umeisoma, na ambayo bila kuisoma isingekutoka. Hatua zote zinazofuata zinaelekea huko.

Hatua ya kwanza: chukua kisa kimoja, ukae nacho muhula mzima

Vitini vingi hupanga nadharia moja baada ya nyingine, kila moja na mfano wake. Freud anapewa mgonjwa wa Vienna, Beck anapewa Mmarekani mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka), nadharia za familia zinapewa wazazi wawili na kijana mkorofi. Ukisoma hivyo huwezi kulinganisha, kwa sababu kila nadharia imeletewa mteja anayeifaa. Geuza mpango: kisa kimoja, nadharia nyingi.

Kisa nitakachotumia hapa ni cha kubuni, cha mazoezi tu. Mwalimu Neema ana miaka 29, anafundisha darasa la tatu mjini Morogoro. Ni wa kwanza kuzaliwa kati ya watoto watano. Baba yake alifariki mwaka jana, na tangu hapo ada za wadogo zake wawili na dawa za presha za mama zinatoka kwenye mshahara wake. Ana mikopo miwili. Analala saa sita usiku, saa tisa yuko macho, moyo unakwenda mbio. Darasani anawafokea watoto, kisha anajuta. Aliyemwambia aje kwa mnasihi ni mwalimu mkuu. Baada ya kukaa anasema, "Sijui nianzie wapi. Mimi siumwi. Ni mawazo tu."

Tunga kisa chako cha namna hiyo, ukurasa mmoja wa daftari, na ndani yake weka maneno ya mteja kama yalivyotoka. Ukiandika "ana sonona" umeshafanya uamuzi kabla ya kusikiliza. Ukiandika "mimi siumwi, ni mawazo tu" umebaki na kitu ambacho kila nadharia inaweza kukifanyia kazi kwa njia yake. Usichukue kisa cha jirani au ndugu yako hata ukibadilisha jina, kwa sababu mtaani kwetu mtu hutambulika kwa kazi yake, ukoo wake na msiba wake.

Hatua ya pili: iulize kila nadharia maswali manne

Mtu huumia kwa sababu gani? Kitu gani humbadilisha? Mnasihi anafanya nini kikaoni, kwa mdomo na kwa mikono? Na nadharia yenyewe ilizaliwa wapi, kwa watu wa aina gani? Majibu ya maswali yote yasizidi nusu ukurasa. Yakizidi, bado unanakili kitini.

Swali la nne wengi huliruka, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki ndilo la kukaa nalo. Sigmund Freud (1856–1939), mwasisi wa uchambuzi wa nafsi, alifanya kazi Vienna karibu maisha yake yote, hadi alipokimbilia London mwaka 1938, na wagonjwa wake waliweza kumjia siku tano au sita kwa wiki. Neema atakuja mara moja kwa wiki, nauli ikipatikana. Carl Rogers (1902–1987) alianzia kwa watoto wenye matatizo na wazazi wao huko Rochester, baadaye akafanya kazi na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ohio na Chicago, vijana waliotarajiwa na jamii yao kujiamulia mambo wenyewe. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliwatibu askari walioharibiwa na vita, ndipo akaanza kutafuta njia za kuuzoeza mwili kutulia mbele ya kinachoutisha. Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, alipita katika kambi za Wanazi, akaipa uzito nguvu ya mtu kupata maana hata katika mateso. Ukijua mahali pa kuzaliwa kwa nadharia utajua ipi itahitaji kurekebishwa kabla hujakaa nayo mbele ya Neema, na kurekebisha si kuidharau.

Hatua ya tatu: mpitishe mteja wako katika kila nadharia

Anza na Rogers, hata kama kitini chako kinaanza na Freud. Karibu njia zote zilizokuja baada yake zinachukulia kwamba tayari unaweza kusikiliza kwa namna yake. Katika makala yake ya 1957 alitaja masharti sita ambayo, kwa maoni yake, yakitimia mtu hubadilika. Wanafunzi hukariri matatu: mnasihi awe mkweli katika nafsi yake, amkubali mteja bila masharti, na aielewe hali yake kana kwamba ni yake, bila kusahau kuwa si yake. Mawili mengine ni kwamba watu hao wawili wawe wamekutana kweli, na kwamba mteja awe hapatani na nafsi yake, ana hofu au amedhoofika. La sita ndilo husahaulika: mteja mwenyewe aone, walau kidogo, kwamba amekubaliwa na ameeleweka.

Sharti hilo la sita linabadilisha kazi yote. Haitoshi kumwelewa Neema kimoyomoyo. Kuelewa kwako sharti kutoke mdomoni, kwa maneno anayoweza kuyakubali au kuyakataa.

Neema anasema, "Kila mtu ananitegemea. Simu ikilia usiku najua ni hela."

Unaweza kumjibu, "Ndiyo ukubwa huo mwalimu, jikaze," na utakuwa umemrudishia mzigo aliokuja nao. Unaweza kuuliza, "Umewahi kuwaambia huna?" Ni swali la maana, ila litafaa baadaye; sasa hivi linamtoa mahali alipofika na kumpeleka kwenye kujitetea. Au unaweza kusema, "Simu inalia, na hata kabla hujapokea unajua kuna mtu anataka kitu kwako. Wewe mwenyewe sioni unayempigia." Kama umesikia vizuri, atanyamaza kidogo kisha aseme, "Niliyekuwa nampigia ni baba." Msiba ambao hakuutaja alipokaa sasa umeingia chumbani. Na kama umekosea atakwambia, "Hapana, si hivyo, nimechoka tu," nawe umejua zaidi kuliko ulivyojua dakika moja nyuma.

Hapa niseme neno kuhusu "pole". Mnasihi wa Kiswahili asiyempa mfiwa pole ataonekana hana utu, na kwa haki. Mpe pole yake mapema, kwa msiba wa baba, kwa dhati. Baada ya hapo usiitoe kila anapofika penye maumivu, kwa maana pale inamwambia aache kuumia mbele yako.

Kutoka kwa Rogers nenda kwa Albert Ellis (1913–2007) na Aaron Beck (1921–2021). Ellis alianza njia yake mwaka 1955 huko New York. Beck, daktari wa akili wa Pennsylvania, alikuwa amefunzwa katika mkondo wa Freud. Alipowachunguza wagonjwa wa sonona alikuta kinachowatawala ni mawazo yanayokuja yenyewe, mabaya kuhusu nafsi zao, kuhusu dunia na kuhusu kesho. Wote wawili wanasema kati ya tukio na hisia kuna tafsiri, na tafsiri inaweza kuchunguzwa.

Chukua daftari la kawaida, chora safu tano, ujaze na Neema jambo moja lililotokea wiki hii, moja tu. Tukio: saa nne usiku mdogo wake amepiga simu, shule inadai ada. Wazo: "Nikisema sina, nimeitupa familia ya baba." Hisia: hatia, tisini kwa mia. Mwili: moyo mbio, tumbo limekaza. Alichofanya: amekopa kwenye simu usiku huohuo.

Mwanafunzi aliyekariri orodha ya makosa ya kufikiri atakimbilia kusahihisha: "Lakini mwalimu, wewe si mzazi wao." Hapo amempoteza. Wajibu wa mtoto wa kwanza si ndoto ya Neema; ukoo mzima unaujua, naye anaupenda. Kinachochunguzwa ni kanuni iliyojificha chini ya wajibu huo, kwamba kusema "sina" mara moja ni kuitupa familia. Beck alisisitiza kwamba mnasihi na mteja wachunguze pamoja, kwa hiyo uliza usichojua jibu lake: "Baba mwenyewe aliwahi kukosa ada? Alifanyaje?" Neema anafikiri, kisha anakumbuka baba alivyokwenda shuleni na kofia mkononi kuomba alipe kwa awamu, akarudi nyumbani akala chakula na watoto wake kama kawaida. Safu ya sita, mnayoiongeza hapo, anaiandika mwenyewe: "Baba alikuwa anasema sina, na alibaki baba." Hatia imeshuka hadi hamsini. Haijaisha, na usimlazimishe iishe. Mpangie jaribio la wiki: simu ikija usiku, ajibu, "Nimesikia, nipe hadi Ijumaa," kisha aandike kilichotokea kweli na alichokuwa akihofia.

Nadharia za familia ndizo ningetaka wanafunzi wetu wazipe muda mara mbili ya wanaozipa sasa. Murray Bowen (1913–1990) aliiangalia familia kama kitu kimoja kinachogawana wasiwasi, na mara nyingi mmoja hubebeshwa kwa niaba ya wengine. Chombo cha kazi hapa ni jenogramu, mchoro wa ukoo wa vizazi visivyopungua vitatu. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, alama ya X ndani ni aliyefariki. Mistari mitatu sambamba huunganisha watu walioshikamana kupita kiasi, mstari wa vipandevipande walio mbali wao kwa wao, mstari wa mikunjo wenye ugomvi. Chora na mteja, karatasi ikiwa katikati yenu, kalamu akiishika yeye kadiri inavyowezekana.

Usianze kwa "wazazi wako ni nani". Anza kwa "nani alikulea", maana utahitaji nafasi ya bibi, mama mkubwa, baba mdogo, watoto wa ndoa nyingine na binamu aliyekulia hapo nyumbani. Katika mchoro wa Neema anajitokeza baba mdogo mwenye duka Kilosa. Hakuna aliyemwomba chochote tangu msiba, kwa sababu ya ugomvi wa shamba kati yake na mama, na mama akimkumbuka humlalamikia Neema. Bowen angeiona pembetatu hapo: wawili wamekosana, wa tatu ndiye anayeumwa. Swali la kikao linageuka. Sasa mnatazama mzigo uligawanywaje baada ya baba kuondoka, nani alikuwepo kwenye mgawanyo na nani hakuitwa. Sentensi yako inaweza kuwa, "Huyu hapa, kwenye karatasi yuko karibu na baba kuliko wote, lakini hujamtaja. Ilikuwaje?" Jihadhari na jambo moja. Bowen alizungumzia uwezo wa mtu kubaki yeye mwenyewe huku akiwa ndani ya familia yake. Kuna wanaoitafsiri kama ruhusa ya kumshauri mteja avunje uhusiano na ndugu, na kwa mtu kama Neema ushauri huo ungemuumiza kuliko mikopo.

Zilizobaki nazipitia haraka. Mkondo wa Freud na waliomfuata utakusaidia kuona kinachotokea kati yako na mteja. Neema kikao cha pili analeta maandazi, anauliza kama umekula, anataka kujua kama kazi ya daftari ameifanya vizuri. Hisia alizozizoea kwa wakubwa wake amezihamishia kwako. Mwanafunzi asithubutu kumfasiria utoto wake, inatosha kusema kwa upole, "Naona hata hapa unahakikisha kwanza mimi niko sawa." Njia ya kutafuta ufumbuzi, iliyojengwa na Steve de Shazer na Insoo Kim Berg huko Milwaukee, hutumia kipimo cha sifuri hadi kumi. Neema akisema yuko kwenye tatu, usimuulize kwa nini si kumi. Uliza, "Nini kinakufanya uwe tatu na si sifuri?" Hapo ndipo atakapotaja rafiki yake wa shuleni, kwaya, usingizi wa Jumamosi. Wananadharia wa tabia wangeanzia kitandani: kuamka saa ileile kila siku, na hesabu za mikopo kufanyiwa mezani mchana, kamwe si kitandani usiku.

Kila unapomaliza nadharia, andika chini ya ukurasa sentensi yake moja kwa Neema. Mwisho wa muhula sentensi hizo ndizo somo lako.

Hatua ya nne: chagua ya kusimamia

Mwaka 1936 Saul Rosenzweig aliandika kwamba njia mbalimbali za tiba zinafaulu kwa sababu kuna mambo ambayo zote zinayo. Edward Bordin mwaka 1979 alieleza ushirikiano wa mnasihi na mteja kwa mambo matatu: kukubaliana wanaelekea wapi, kukubaliana wafanye nini kufika huko, na kuaminiana. Wengine husoma hayo wakasema basi nadharia haina maana, mradi una moyo mzuri. Sikubaliani nao. Huwezi kukubaliana na mteja mfanye nini kama wewe mwenyewe hujui unafanya nini, na moyo mzuri usio na njia huishia kwenye "jikaze".

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kumchukua Rogers kama namna ya kuwa na mteja, Beck kama kazi ya mikono, na jenogramu kwa kila mteja bila kujali nadharia. Fanya hivyo mwaka mzima kabla hujaongeza kingine. Ukiulizwa unatumia nadharia gani ukajibu "mseto", uwe tayari kueleza ni kitu gani kutoka wapi, kwa mteja huyu, kwa sababu gani. Mseto usioelezeka unamchosha mteja: wiki hii anaulizwa utoto, wiki ijayo anapewa kipimo cha kumi, wiki inayofuata anafundishwa kupumua, na hajui mnaelekea wapi.

Hatua ya tano: ione ilivyofanywa na watu wa huku

Usidhani kurekebisha nadharia kwa ajili ya watu wetu ni jambo linalosubiri kuanza. Nchini Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, tiba ya mahusiano iliyobuniwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman ilipelekwa vijijini kwa vikundi. Waliovisimamia walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo ya muda mfupi, si madaktari. Vikundi vilikutana kila wiki kwa majuma 16, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha sonona imepungua sana kwa walioshiriki kuliko kwa wasioshiriki. Tiba hiyo huweka shida za mtu katika mafungu machache: kufiwa, ugomvi na watu wa karibu, mabadiliko ya maisha. Mpitishe Neema humo uone jinsi anavyoingia katika fungu la kwanza na la tatu kwa wakati mmoja.

Zimbabwe nako, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006 katika eneo la Mbare, Harare. Alianza na bibi 14. Bibi hawa huketi na mteja kwenye benchi nje ya zahanati, wanataja shida zote alizonazo, anachagua moja, wanaitafutia hatua ndogo inayowezekana, anakwenda kuijaribu na kurudi. Ni tiba ya kutatua matatizo, nadharia kamili, imevaa mavazi ya nyumbani. Utafiti wake mkubwa ulichapishwa mwaka 2016. Na jijini Nairobi, njia fupi ya vikao vitano iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa kwa wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia, ikitolewa na wahudumu wa afya wa jamii, nayo ikafaa.

Soma kazi hizo ukitafuta kilichobaki na kilichobadilishwa. Kilichobaki ni hesabu ya ndani ya nadharia: shida moja kwa wakati, kazi kati ya vikao, kurudi na kupima. Kilichobadilishwa ni nani anaketi na mteja, wapi, na kwa maneno gani.

Imani ni sehemu ya mambo hayo. Neema akisema, "Mimi naomba tu," usimpinge wala usimalizie kikao kwa "amina". Muulize anaomba nini hasa, na akimaliza kuomba anajisikiaje. Na kuhusu baba yake, kumbuka kwetu marehemu hasemwi vibaya. Ukimuuliza kama amemkasirikia baba atakataa kwa heshima. Ukimuuliza, "Kuna siku unatamani angekuachia mambo yakiwa yamepangwa zaidi?" anaweza kulia kilio alichokizuia tangu maziko.

Hatua ya sita: fanya mazoezi ya watu watatu

Mmoja mnasihi, mmoja mteja, mmoja mtazamaji. Robo saa, kisha mnabadilishana. Mtazamaji hana kazi ya kusifu. Anaandika maneno ya mnasihi neno kwa neno, na pembeni anaweka alama: swali, ushauri, kurejesha hisia (kumwambia mteja hisia uliyoisikia kwake), kunyamaza. Katika mazoezi ya mwanzo safu za maswali na ushauri hujaa, na ile ya kunyamaza huwa tupu.

Baada ya igizo kaeni na sentensi moja iliyokwama na muiandike upya. Mfano, mnasihi alisema, "Kwa hiyo unahisi huzuni kwa sababu ya majukumu." Si kosa, ila ni sentensi ya kitini; hakuna mtu Morogoro anayezungumza hivyo. Iandike upya kwa maneno ya mteja: "Unalala na ada, unaamka na dawa za mama." Jaribuni kuisoma kwa sauti. Aliyemwigiza mteja atawaambia ipi imemgusa. Kama lugha ya nyumbani ya mteja ni Kiluguru, Kikuyu au Kisukuma, mwache aitumie pale Kiswahili kinapomwishia, hata kama utamwomba akueleze.

Hatua ya saba: mipaka, kabla ya kukaa na mtu yeyote

Hatua hii nimeiweka hapa ila uifahamu kabla ya zote. Kikao cha kwanza kianze na usiri na mipaka yake, kwa lugha nyepesi: "Ya hapa yanabaki hapa, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mwingine yako hatarini, au mtoto anaumizwa." Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwananchi anayejua haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa. Namba 116 ya msaada kwa watoto inapatikana Tanzania na Kenya. Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na nchi zote mbili zina sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Kwa hiyo daftari la Neema halikai kwenye begi unalopanda nalo daladala, na hadithi yake haiingii kwenye kundi la WhatsApp la darasa hata bila jina.

Jifunze kutumia dodoso la PHQ-9 la kupima dalili za sonona, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja sifuri hadi tatu, jumla 27. Kufikia kumi kunakuambia uangalie kwa makini zaidi. Dodoso peke yake halitoi jina la ugonjwa. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Usilipite haraka kwa aibu, na usimwachie mteja ajaze peke yake. Sema wazi: "Watu wengine wakizidiwa hivi huwaza kujiua. Wewe limewahi kukujia?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, uliza kama amefikiria njia, kama njia hiyo anaifikia, kama ameweka siku. Usimwache peke yake, mhusishe mtu anayemwamini, na mfikishe hospitali siku hiyohiyo. Hapo hakuna nadharia ya kuchagua.

Mpe rufaa pia anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aliyeacha kula kwa siku kadhaa, anayekunywa pombe tangu asubuhi, na yeyote ambaye mwili wake unaweza kuwa ndio chanzo. Neema mwenyewe, pamoja na usingizi uliokatika na moyo kwenda mbio, anastahili kupimwa presha, damu na tezi ya shingo kabla hujaamua yote ni mawazo.

Hatua ya nane: peleka kazi yako kwa msimamizi

Usiende kwa msimamizi, yaani mnasihi mzoefu anayeiongoza kazi yako, na hadithi nzima ya mteja. Nenda na dakika tano: maneno yake, maneno yako, na mahali ulipohisi umepotea. Andika pembeni nadharia iliyokuongoza pale, na sentensi ambayo nadharia nyingine ingekupa. Msimamizi mzuri atakuuliza kwa nini ulinyamaza au kwa nini uliharakisha, na mara nyingi jibu litagusa maisha yako mwenyewe, hasa kama nawe ni mtoto wa kwanza unayelipa ada za wadogo zako. Mwambie. Na kama chuo kimekupa msimamizi mnayeonana mara moja kwa muhula, tafuta wenzako wawili mkutane kila wiki mbili kwa utaratibu huohuo wa dakika tano, majina yakiwa yamefichwa na karatasi zikichanwa mkimaliza.

Daftari lako la sentensi litakufaa hata kwenye mtihani. Swali likikutaka ulinganishe nadharia mbili, anza na maneno ya mteja mmoja, onyesha kila nadharia ingesikia nini ndani yake na ingemjibu nini, kisha ndipo ulete majina, miaka na istilahi.